Sahihi Feki, Bango la Mzee na Sentimita Mbili

Kila nikipost video nikiwa nimekaa kwa kile kiti changu, lazima mtu aniulize kuhusu zile picha mbili ukutani nyuma yangu. Ulinunua wapi? Ni pesa ngapi? Halafu anakuja yule mjuaji wa kila siku: ni orijino? Hilo swali la tatu ndilo limenifanya leo niandike badala ya kuwasha kamera. Jibu lake ni refu, na kuna sehemu ambayo siwezi kuisema nikiangaliwa usoni.

Wacha nianze na hasara. Mwaka wa 2022 nililipa shilingi 21,500 kwa bango lenye sahihi feki. Hizo zilikuwa pesa za miezi minne ya kuedit video za harusi za watu, usiku wa manane, kwa laptop inayonguruma kama poshomili. Ilinichoma, sitadanganya. Lakini hasara kubwa zaidi niliifanya nyumbani kwetu, na haikunigharimu hata bob.

Msanii ninayemzungumzia anaitwa Shepard Fairey. Kama jina halikuambii kitu, kazi yake unaijua. Ile picha ya Obama ya nyekundu, buluu na krimu, ameangalia mbali kama mtu wa steji anayejaribu kusoma namba ya matatu, na chini imeandikwa HOPE? Huyo ndiye aliyeichora. Ila alianza mbali sana na siasa. Mwaka wa 1989, akiwa mwanafunzi wa sanaa katika chuo cha Rhode Island School of Design, alitengeneza stika yenye uso wa mwanamieleka André the Giant, akaanza kuibandika kila mahali: nguzo za taa, alama za barabarani, milango ya watu. Stika haikuuza chochote. Ulikuwa unaiona tu, unajiuliza huyu ni nani na anataka nini kwangu. Baadaye akaurahisisha ule uso, akaongeza neno OBEY, yaani tii, na stika zikakua zikawa mabango makubwa ya kubandikwa kwa gundi ukutani. Amekamatwa na polisi mara kadhaa kwa hiyo kazi. Februari 2009, wakati bango la Obama limeshampa jina dunia nzima, alikamatwa Boston akiwa njiani kwenda ufunguzi wa maonyesho yake mwenyewe kwenye jumba la sanaa. Yaani ndani wanakungoja na glasi mkononi, nje unangojwa na pingu.

Mimi ni mtoto wa Umoja. Kwetu kusoma ukuta hakuna anayekufundisha. Unakua ukiona tangazo la mganga limebandikwa juu ya tangazo la nyumba ya kupangisha, lililobandikwa juu ya uso wa mtu aliyewania udiwani akaanguka, na pembeni mtu ameandika usikojoe hapa. Unapanda matatu iliyochorwa kutoka bampa hadi bampa, na mwaka ukiisha imepigwa rangi upya kana kwamba ile kazi haikuwahi kuwepo. Kwa hivyo nilipoanza kusoma habari za Fairey nikiwa kidato cha tatu, sikuona kitu kigeni. Niliona mtu wa mtaa aliyegundua namna ya kufanya kazi yake isifutike.

Namna yenyewe ni printi. Ukuta hauuziki, lakini karatasi inauzika. Anachapa kwa skrini: kila rangi ina wavu wake uliozibwa sehemu zisizotakiwa, wino unavutwa juu yake kwa ubao wenye mpira, karatasi inaachwa ikauke, halafu inarudi kwa rangi inayofuata. Akimaliza idadi aliyoipanga, mara nyingi mia kadhaa tu, anatia sahihi kila moja kwa penseli na kuandika namba, tuseme 87/450. Maana yake hiyo ni karatasi ya 87 kati ya 450. Penseli inapendwa kwa sababu inaacha mfereji mdogo kwenye karatasi, na inang'aa kidogo ukiigeuza kwenye mwanga. Mashine ikijaribu kuiga inatoa kijivu kilichokufa.

Na kitu ambacho wengi hawaamini ni kwamba printi hizi zikitoka kwa duka lake la mtandaoni si bei ya kutisha. Nyingi zimekuwa zikiuzwa chini ya dola 100. Kasheshe ni kuipata. Zinaisha haraka, na siku hiyo hiyo unaziona eBay kwa bei mara mbili, mara tatu, zikiuzwa na mtu ambaye hata hajaifungua bomba lake. Hawa watu nitawarudia.

Sasa njoo nyumbani kwetu.

Sebuleni, kando ya mlango wa jikoni, tulikuwa na hilo bango la HOPE tangu nikiwa darasa la kwanza. Mzee alilinunua kwa mchuuzi tauni, wiki ile Obama alishinda. Kama ulikuwa mdogo sana, jua kwamba Rais Kibaki alitangaza Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu ya taifa, kwa sababu ya uchaguzi wa nchi ya watu. Mzee ni wa Siaya, kaunti moja na Kogelo, kwa hivyo unaweza kupiga picha furaha ilikuwaje kwetu. Na mwaka huo ulikuwa umeanza vibaya. Januari nakumbuka tukilala sote chumba kimoja, mathe akituambia tusikaribie dirisha, na redio ikiwekwa chini kabisa. Sikuelewa chochote. Ninachojua ni kwamba mwaka ulioanza na mapazia yakiwa yamefungwa uliisha na Mzee akiingia na bango limekunjwa kwapani, akiomba aletewe sellotape.

Nakala yenyewe ilikuwa vituko. Buluu imegeuka zambarau. Uso umevutwa ukawa mrefu. Kwenye kona ya chini mchapaji ameweka jina la duka lake, kana kwamba yeye ndiye amemchora Obama. Karatasi ni ile ya kung'aa ya kalenda. Mzee aliipata kwa soo moja, na mathe mpaka leo anasema alipunjwa.

Lakini landilodi wetu alikuwa na sheria moja ya chuma: hakuna kuandika ukutani. Watu wengine huwapima watoto wao kwa fremu ya mlango au ukutani. Mzee hakuthubutu. Kwa hivyo kila Disemba, kabla ya kwenda ocha, alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya hilo bango, visigino vimegusa ukuta, daftari kichwani, akaweka alama ya penseli kwenye ule ukingo mweupe wa pembeni. Herufi ya jina na mwaka. Mimi, dadangu, halafu kakangu mdogo alipoanza kusimama vizuri tukamwekea ndoo ya kupanda ili afike hapo chini ya bango, tukabishana kama ndoo inahesabiwa. Alama zilipanda hivyo mwaka baada ya mwaka. Yangu ya mwisho ni ya 2019, nilipomaliza shule.

Mimi nilikuwa nimeacha kuziona. Kitu kikikaa ukutani muda mrefu kinageuka ukuta.

Sasa piga picha kijana wa miaka ishirini ambaye amegundua ulimwengu wa printi. Nilikuwa najua majina ya karatasi. Nilikuwa najua kwamba zile za kwanza kabisa za Obama, Januari 2008, zilikuwa 700 tu, na ziliandikwa PROGRESS, si HOPE. 350 ziliuzwa, 350 zikaenda kubandikwa mitaani, na pesa za mauzo zikachapa nyingine. Nilikuwa najua kwamba kufika Oktoba mwaka huo mabango yapatayo 300,000 yalikuwa yameshachapwa, na mengi yaligawanywa bure. Nilikuwa na hizo namba zote kichwani, na kila nikiingia sebuleni naona ile zambarau, ile karatasi ya kalenda, na jina la duka kwenye kona. Nikaanza kuona haya. Marafiki wakija nawapitisha haraka.

Mzee alikuwa anatimiza miaka 55. Nikaamua nimnunulie ya ukweli.

Printi ya HOPE yenye sahihi ya ukweli ni maelfu ya dola. Hilo nilikuwa nalijua pia. Kwa hivyo nilipompata muuzaji mtandaoni akiiuza kwa bei ya simu ya kawaida, akili ilinipa maelezo yote niliyohitaji. Labda hajui alicho nacho. Labda ana shida ya pesa ya haraka. Labda ni Mungu. Picha zilionyesha sahihi, zilionyesha namba 212/350, na kulikuwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti kilinimaliza kabisa. Wasee, sisi ndio tunajua zaidi ya mtu yeyote duniani kwamba cheti kinaweza kuchapishwa, na bado nikaona muhuri nikalainika. Hata namba yenyewe ilikuwa inanipigia kelele. Zile 350 za kuuzwa ziliandikwa PROGRESS. Hii ilisema HOPE. Mimi mwenyewe ningeweza kukupa hiyo lecture usingizini, lakini siku ya kulipa sikutaka kujipa.

Ilifika baada ya wiki tano. Jumamosi wazazi wakiwa wameenda mazishi, nikabandua bango la Mzee. Sellotape ya miaka kumi na minne haitoki kwa adabu. Kona mbili zilichanika. Nikalikunja nikaliweka nyuma ya kabati, nikapangusa ukuta, nikatundika lile jipya ndani ya fremu nyeusi niliyoilipia zaidi. Lilikaa vizuri mpaka nikalipiga picha.

Mzee alipoingia alisimama kwa muda. Nikamweleza: Baba, hii ni orijino, angalia sahihi, angalia namba, hii dunia nzima ziko chache tu. Alisogea, akavaa miwani, akaangalia vile huwa anaangalia ripoti ya shule, polepole, mpaka chini.

"Asante sana, kijana yangu," akasema. "Umejitolea. Hii ni kazi safi."

Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa fremu, upande wa kushoto, juu chini. Nilidhani anaangalia vumbi.

"Na ile ingine umeiweka wapi?"

Nikamwambia iko nyuma ya kabati. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kubadilisha viatu. Hakusema kitu kingine. Ni dadangu aliyenivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe, na zile alama zetu?"

Hapo ndipo niliskia vibaya. Kwa sababu unaelewa shida, si ndio? Alama hazikupotea, bado zilikuwa kwenye karatasi. Lakini alama ya urefu ni ya kweli tu kama bango liko mahali pale pale. Ukilibandua, ile mistari inabaki kuwa mistari. Miaka kumi na moja ya Mzee kutuinamia na penseli nilikuwa nimeikunja nyuma ya kabati, na ukuta nimeupangusa kwa kitambaa chenye sabuni.

Ya feki niligundua miezi miwili baadaye. Nilikuwa nimeenda River Road kuchapisha fulana na fundi mmoja wa skrini, mtu mzima, mikono yake ina rangi ambazo hazitatoka tena. Nikamwonyesha picha kwa simu, najigamba. Akaniambia niilete. Nikaileta. Akaitoa kwa fremu, akachukua kile kilenzi chake cha kukagua uchapaji, akainama sekunde chache, akanipa.

"Angalia mwenyewe."

Nyekundu haikuwa nyekundu. Ilikuwa vidoti vidogo vidogo vya waridi na manjano vimelaliana. Hiyo ni mashine. Wino wa skrini ni rangi iliyojaa, umelala juu ya karatasi kama rangi ya ukutani, ukipitisha kidole unaskia pale rangi moja inapopanda juu ya nyingine. Halafu akasogeza lenzi mpaka kwenye sahihi. Vidoti. Sahihi yenyewe ilikuwa imechapwa. Hakuna mtu aliyewahi kuishika penseli.

Sasa cheka, maana hata mimi baadaye nilicheka. River Road, mahali ambapo Kenya nzima hutania kwamba unaingia bila cheti unatoka daktari, ndiko nilikoenda kufunguliwa macho kuhusu feki ya ughaibuni. Fundi hakunicheka. Aliniuliza tu nilitoa ngapi, nilipomwambia akavuta pumzi kwa meno, akanichapia fulana bei ya chini.

Nilirudi nyumbani na basi, bango kwa magoti, nikiwa na hasira na muuzaji, halafu na mimi mwenyewe, halafu, usiniulize kwa nini, na Fairey. Kwa sababu kuna kitu cha Fairey ambacho watu wanaomkusanya hawapendi kukitaja sana. Ile picha ya Obama aliitoa kwa picha iliyopigwa mwaka wa 2006 na mpiga picha Mannie Garcia, aliyekuwa akifanyia kazi shirika la habari la Associated Press. Hakuomba ruhusa. Shirika lilipomjia mwaka wa 2009, alidai alitumia picha nyingine tofauti, akatengeneza ushahidi wa uongo na kufuta mwingine ili dai lake lisimame. Ilijulikana. Kesi ya hakimiliki waliimaliza kwa makubaliano mwaka wa 2011, na mwaka uliofuata alikiri kosa mahakamani, akapewa miaka miwili ya uangalizi, faini ya dola 25,000 na saa 300 za kazi ya jamii.

Mjadala wa kama msanii anaweza kuchukua picha ya mtu akaigeuza, huo ni mjadala wa haki na naweza kukaa pande zote mbili. Kilichomharibia ni uongo kuhusu chanzo. Na nikiwa kwa ile basi nikaona kwamba sahihi ya penseli ni hicho kitu tu: ni mtu kusema hii imetoka kwangu, na ziko ngapi. Haifanyi picha kuwa nzuri zaidi. Haifanyi ukuta wako kuwa na maana zaidi. Ni neno la mtu kuhusu chanzo na idadi, na mimi nililipia hilo neno kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kulitoa. Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na alama za penseli ambazo nilijua mkono uliozichora, nilijua kila mwaka wake, na hazikuhitaji cheti.

Jioni hiyo nilimwambia Mzee ukweli. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuisema kwa kamera. Nilitarajia anipe somo la pesa, maana ana haki. Akauliza kama bado nina risiti. Nikasema ninayo lakini muuzaji ameshapotea. Akasema, "Basi hiyo ni karo. Wengine hulipa zaidi." Halafu akasema, kama mtu anayeomba maji, "Sasa nirudishie langu."

Je, ningeacha kukusanya? Nilifikiria. Sikuacha, na hapa ndipo maoni yangu yanapoanza, kwa hivyo mnaweza kupigana nami.

Moja: kusanya kitu utakachokaa nacho. Wale wanaonunua printi asubuhi na kuiuza jioni si wezi, ni biashara, sina kesi nao. Lakini usijidanganye kwamba mtu kama huyo anakusanya. Na ukinunua kwa kichwa chake, ukiangalia tu itapanda bei ngapi, unakuwa windo rahisi, kwa sababu tapeli anaiongea hiyo lugha kukushinda. Mimi sikutapeliwa kwa sababu sikuwa na habari. Habari nilikuwa nazo kibao. Nilitapeliwa kwa sababu nilitaka sana kuwa mtu aliye na ile kitu.

Mbili: shika kabla hujalipa, na kama huwezi kushika, dai picha. Sahihi ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga wa pembeni, uone kama inang'aa na kama imechimba karatasi. Picha ya karibu ya wino. Upana na urefu wa karatasi, ulinganishe na ule uliotangazwa printi ilipotoka. Risiti ya kwanza kabisa, sio cheti. Mtu mwenye kitu cha ukweli hukasirika kidogo halafu anakutumia. Mtu mwenye feki anakwambia kuna mteja mwingine yuko tayari kulipa saa hii.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: anza na mtu unayeweza kumwona akitia sahihi. Mwaka wa 2012, nikiwa na miaka kumi, wasanii kina Bankslave na Swift9 pamoja na mpiga picha Boniface Mwangi walichora ukuta karibu na City Market, wanasiasa wakiwa tai wa kula mizoga. Tauni nzima ilienda kuangalia. Ukuta ule ukaja kufunikwa kwa rangi. Mimi niliuona kwa gazeti tu. Hebu fikiria kama leo ungekuwa na karatasi moja ya kazi ile, imechapwa kwa mkono, 14/100, imetiwa sahihi wakati rangi ya ukuta bado mbichi. Nadhani unaelewa ninachosema. Kazi ya mtaa wetu inafutwa kila siku, na sisi tunaagiza ya watu.

Kwa hivyo zile picha mbili nyuma yangu, hili hapa jibu lenu. Ya kulia ni ya Fairey, uso wa mwanamke na maua, nyekundu, nyeusi na krimu. Niliinunua kwa duka lake mwenyewe siku ilipotoka, nikiwa nimeamka usiku na kidole juu ya kitufe. Ilifikia kwa shangazi yangu Texas, akaja nayo Krismasi ndani ya bomba, akilalamika kwamba kila mtu uwanjani alimuuliza amebeba nini. Sahihi inang'aa. Nimeiangalia kwa lenzi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Ya kushoto ni ya rafiki yangu anayechora matatu. Nilimsumbua mwaka mzima mpaka akakubali tuchape mchoro wake mmoja kwa yule yule fundi wa River Road, rangi tatu, karatasi 30. Alipofika kwenye kutia sahihi alikataa penseli, akasema penseli ni ya watoto wa shule. Tukabishana. Mwishowe akatia sahihi zote 30 kwa mkao mmoja, na ya mwisho haifanani na ya kwanza kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Yangu ni 4/30. Nililipa shilingi 2,500 kama mtu mwingine yeyote. Zimebaki sita, na hapana, sitawawekea hapa namba yake, hajaniruhusu.

Ya tatu haionekani kwa video. Iko sebuleni, kando ya mlango wa jikoni, zambarau na yote. Fremu nyeusi niliyolipia sasa ina picha ya graduation ya dadangu. Na lile feki liko kwa fundi, analitumia kuwafundisha vijana wake vidoti vya mashine vinavyoonekana.

Kulirudisha bango la Mzee mahali pake ilituchukua Jumapili nzima. Ukuta nilikuwa nimeupangusa lakini gundi ya sellotape ilikuwa imeacha vivuli vinne vya manjano, ukiangalia kwa tochi kutoka pembeni. Kona mbili zilizochanika tuliziunga kwa karatasi kutoka nyuma. Mzee alishika juu, mimi chini, dadangu akiwa na tochi, kakangu akitoa amri bila kazi. Juu kidogo, shuka kidogo, hapana, rudi. Mathe alisema hata Obama mwenyewe hakusumbua watu hivi alipokuja 2015.

Lilipokaa, Mzee akachukua daftari na penseli. Akaniambia nivue viatu, nisimame. Nina miaka ishirini na kitu, nina ndevu, nikasimama, visigino kwa ukuta. Akaniwekea daftari kichwani, akapiga mstari, akarudi nyuma kuangalia.

Mstari mpya ulikuwa sentimita mbili chini ya ule wa 2019.

Hatukulilenga sawasawa, ni wazi. Kuna mahali kivuli kilitudanganya. Nikamwambia Baba tulibandue turudie. Akaangalia alama, akaniangalia mimi, akaandika mwaka pembeni ya herufi yangu.

"Wacha," akasema. "Umefupika."